Pembe Puani, Kovu Begani

"Mama, ile si pembe. Ile ni dole gumba."

Tulikuwa tumeegemea uzio wa ziwa la chini katika bustani ya Crystal Palace, kusini mwa London, Jumamosi moja ya manyunyu. Ng'ambo ya maji, kisiwani, walikuwepo Iguanodon wawili wa saruji, dinosaria wala majani. Mmoja kasimama kwa miguu minne, mzito kama kifaru. Mwenzake kajilaza, mkono kauegemeza kwenye gogo. Vijani vimeota kwenye nyufa za ngozi yao, na ukikazia macho unaona madoa ya kuvu yanavyofuata mistari ya magamba aliyoyachonga fundi, gamba kwa gamba, hadi kwenye mikunjo ya shingo. Juu ya pua ya kila mmoja kuna pembe fupi.

"Dole gumba la mkono," binti yangu akarudia, akaninyooshea lake ili nisikosee. Ana miaka minane na wanyama hawa anawajua kuliko ninavyowajua majirani zangu. "Waliliweka puani kwa makosa. Mbona hawaliondoi?"

Nikamjibu kwamba ni sanamu za zamani sana, watu wanazienzi hivyo zilivyo. Hakuridhika.

Kwenye basi la kurudi nyumbani nikatambua kwamba na mimi sikuridhika. Swali lake lilikuwa limenichoma mahali ambapo yeye mwenyewe hakupalenga.

Lilinikumbusha picha iliyobandikwa ukutani darasani kwake.

Picha ya ukutani

Mwalimu aliwaagiza watoto wachore mtu mmoja wa ukoo wao. Wangu akamchora babu yangu mzaa babu. Binti yangu ni kilembwe wake. Mzee yuko porini, Lindi, jua kali. Kichwani amebeba mfupa mrefu kuliko yeye mwenyewe. Begani ana kovu jekundu. Mdomo uko wazi kwa sababu anaimba. Nyuma ya mti amechungulia simba. Chini ya picha ameandika kwamba babu huyu alibeba mfupa mkubwa kuliko yote duniani.

Niliisifu picha ile. Nikaipiga picha kwa simu, nikawatumia ndugu.

Habari zote zilizomo amezipata kwangu, usiku, taa ikiwa imezimwa. Baada ya ile Jumamosi nilikaa mezani nikajiuliza mimi nimezipata kwa nani, na ni zipi hasa. Nilizipata kwa shangazi, nikiwa msichana, tukimenya mihogo. Na alichonipa shangazi ni hiki: babu alikwenda Tendaguru, kile kilima cha Lindi, kuwabebea Wajerumani mifupa ya mjusi, yaani dinosaria, akarudi, na alikuwa na kovu.

Basi. Hayo mengine ni yangu.

Wimbo niliutia mimi, kwa kuwa nilijiambia wapagazi huimba. Mfupa mzima kichwani niliutia mimi. Simba nilimwongeza usiku mmoja mtoto alipokataa kulala. Na bega? Nadhani niliona kwamba mtu aliyebeba mizigo lazima awe na kovu begani, nikaliweka hapo, na kadiri miaka ilivyokwenda nikaamini kwamba ndivyo nilivyoambiwa.

Nilipata mashaka zaidi nilipoanza kusoma vizuri habari za Tendaguru, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka ishirini iliyopita. Kati ya mwaka 1909 na 1913, uchimbaji wa jumba la makumbusho la Berlin, ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulitoa zaidi ya tani 200 za mifupa. Katika misimu mikubwa walikuwepo wafanyakazi mamia, wengi wao Wamwera na majirani zao. Mifupa ilifungwa, mingine kwa mianzi, ikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, ikapakiwa melini. Mifupa mikubwa ilikwenda vipande vipande. Paja la mjusi yule ambaye leo amesimama Berlin, kimo chake mita 13.27, halikai kichwani pa mtu mmoja. Lingemuua.

Kwa hiyo picha ya mwanangu ilikuwa na pembe puani, na aliyeiweka pale ni mimi.

Nyumba juu ya nguzo nne

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitoka kazini napita bustanini. Nilitaka kumwelewa mtu aliyezijenga sanamu zile, Benjamin Waterhouse Hawkins, kwa sababu nilihisi tumefanya kosa la namna moja na nilitaka kujua yeye alilifanyaje.

Kwanza, hakuwa mtu wa mzaha. Katika Iguanodon yule aliyesimama zimeingia nguzo 4 za chuma, matofali 600, vigae 900 na vigae vya mifereji 650, mapipa 38 ya saruji na mapipa 90 ya mawe yaliyopondwa. Hawkins mwenyewe aliihesabu orodha hiyo mbele ya wasikilizaji wake mwaka 1854, na akasema kazi ile ilikuwa sawa na kujenga nyumba juu ya nguzo nne. Fundi mwashi yeyote wa kwetu angemwelewa. Mnyama ana miguu tu, hana msingi. Uzito wote lazima ushuke kwenye nguzo hizo.

Juni 10 mwaka huo Malkia Victoria akaja kufungua bustani, na watu wa kawaida wakaona kwa mara ya kwanza viumbe waliotoweka wakiwa na nyama na ngozi, kwa ukubwa wao kamili. Hapo kabla hapakuwa na mtu aliyewahi kuthubutu jambo hilo. Jina lenyewe, dinosaria, lilikuwa na miaka kumi na miwili tu tangu Richard Owen, mtaalamu wa mifupa ya wanyama, alipolibuni kutoka Kigiriki: mjusi wa kutisha. Kwetu Lindi hatukuhitaji Kigiriki, tukamwita mjusi tu, na wabunge wetu wanapouliza habari zake Dodoma humwita hivyo hivyo.

Na walikuwa na mifupa kiasi gani? Kidogo. Gideon Mantell, tabibu wa Sussex, alikuwa na meno ya Iguanodon, vipande vya mifupa, na kitu kimoja chenye ncha. Akakiweka puani. Ukikishika kitu kama hicho peke yake, bila mkono kilikotoka, sidhani ungekiweka kwingine. Tumezoea kuona kifaru. Ilipofika mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, wakakutana chini kabisa ya ardhi na mifupa ya Iguanodon wengi, wengine wakiwa wazima toka kichwa hadi mkia, na ile ncha ikaonekana ilipo: kwenye dole gumba. Sanamu za London zilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Kuna jambo kuhusu Mantell lililonikosesha raha. Kabla hajafa, mwaka 1852, alikuwa ameanza kutambua kwamba miguu ya mbele ya mnyama huyu ilikuwa myembamba kuliko ya nyuma, kwamba hakuwa kama kifaru. Aliombwa asimamie ujenzi wa sanamu, akakataa, alikuwa mgonjwa. Kazi ya ushauri ikabaki kwa Owen, na Owen alimtaka mnyama mzito, wa miguu minne iliyonyooka. Kwa hiyo hata siku ile saruji inakorogwa, maarifa bora zaidi ya yale yaliyojengwa yalikwisha kuwepo. Mwenye nayo hakuwepo tu.

Nilipofika hapo nikamfikiria shangazi. Ana miaka zaidi ya sabini, yuko Lindi, simu yake huwa hewani. Na mimi niliendelea kukoroga saruji bila kumuuliza.

Nundu ya mnyama mwingine

Karibu na Iguanodon yupo Megalosaurus, mla nyama, mwenye nundu kubwa mabegani. Ukimtazama kwa mbali unaona ubavu wa nguvu, kama wa fahali. Nundu ile ina asili yake: Owen alikuwa na pingili za uti wa mgongo zenye miiba mirefu iliyosimama juu, akadhani ni za Megalosaurus, akamwekea mabegani. Baadaye ikajulikana kwamba zilikuwa za mnyama mwingine kabisa.

Kwa hiyo kosa la hapa ni tofauti na la pembe. Pembe ni kiungo chake mwenyewe kilichowekwa mahali pasipo pake. Nundu ni mfupa wa kweli, lakini wa mtu mwingine.

Mei 2020 pua na taya la Megalosaurus huyu vilikatika vikaanguka. Mwaka huo huo sanamu zote ziliingizwa kwenye orodha ya Uingereza ya turathi zilizo hatarini. Miaka kumi na mitatu nyuma zilikuwa zimepandishwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi, sawa na makanisa makuu, na bado mvua, mizizi na kutu ya chuma cha ndani havijui daraja. Mwaka 2021 mafundi wakamrudishia uso.

Niliposoma habari za matengenezo yale nilisimama kwenye jambo moja. Leo tunajua Megalosaurus alitembea kwa miguu miwili. Tunajua nundu si yake. Waliokuwa wakimtengeneza walilijua hilo kuliko mimi. Wangeweza kusema, maadamu uso umeanguka, tumpe uso sahihi. Hawakufanya hivyo. Walitafuta picha za zamani, wakapima, wakamrudishia taya lile lile, kwa uangalifu ambao kwa kawaida tunauweka kwa vitu vya kweli.

Siku ya kwanza hilo lilinipa faraja. Nikajiambia: unaona, kosa nalo lina heshima yake, iache picha ya mtoto ukutani.

Siku ya pili faraja ikaniponyoka. Pale bustanini kuna mabango. Anayetaka kujua kwamba pembe ni dole gumba, atajua. Kosa linalindwa likiwa limeitwa kosa. Picha ya mwanangu haikuwa na bango. Mimi ndiye niliyekuwa bango lake, na nilikuwa nimenyamaza.

Nyundo za New York

Nilijaribu pia kufikiria njia nyingine, ya kufuta kila kitu. Kumwambia mtoto: yote yale nilitunga, sahau.

Hawkins alionja hilo. Mwaka 1868 alialikwa New York awatengenezee sanamu za wanyama wa kale wa Amerika, zikae katika jumba ndani ya Central Park. Alifanya kazi miaka. Kisha siasa za mji zikageuka, mradi ukafutwa, na mwaka 1871 wakatumwa watu na nyundo kwenye karakana yake. Wakavunja sanamu, wakavunja na kalibu zake, ili zisitengenezwe tena. Vifusi vikazikwa bustanini.

Zile nazo bila shaka zilikuwa na makosa. Lakini hatuna hata njia ya kujua ni yapi. Hatuwezi kusimama mbele yake na mtoto wa miaka minane akatuonyesha dole gumba lake.

Ukifuta simba, na wimbo, na mfupa, unaweza kujikuta umefuta na kovu. Watoto hawachambui sana hapo. Ukishawaambia mama alikuwa anatunga, na Tendaguru inaondoka. Na Tendaguru ni ya kweli. Janensch na Hennig wanajulikana. Anajulikana pia Boheti bin Amrani, msimamizi wa uchimbaji, ambaye mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake: *Australodocus bohetii*. Nilifurahi nilipoliona jina lile, kisha nikatafuta la babu kila nilipoweza kutafuta. Halimo. Yeye anaishi katika sentensi moja ya shangazi, basi. Nikiivunja, hakuna kalibu.

Simu ya Lindi

Nikapiga simu Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri ya kule.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo sauti yako ya kuomba?"

Nikamweleza yote: bustani, pembe, picha. Akasikiliza kimya, ananijia kwa "ehee" tu. Nilipofika kwenye kovu la begani akanikatisha.

"Bega? Nani amekwambia bega?"

"Wewe, shangazi."

"Mimi? Thubutu. Kovu la babu lilikuwa mguuni. Chini ya goti, hapa kwenye muundi. Begani alikuwa na nini? Begani hakuwa na kitu."

Nilikaa kitandani.

"Na lilikuwa la kubeba mifupa?"

Hapo ndipo aliponyamaza kwa muda, na mimi nikasikia jogoo wa jirani yake.

"Hapo sasa sikiliza. Marehemu bibi alikuwa akisema ni la ile kazi, sanduku lilimwangukia njiani. Lakini marehemu baba yako mkubwa alikuwa akisema ni la vita, vya Maji Maji, babu alikuwa kijana anaruka mtaro. Wakibishana mbele yake mwenyewe, na yeye anacheka, hasemi. Mimi nilichokwambia ni kwamba alikwenda Tendaguru na alikuwa na kovu. Sikukwambia hili limetoka kwa lile. Wewe ndiye umeyafunga pamoja."

Pingili za mnyama mwingine, mabegani pa Megalosaurus.

Nilitaka kumuuliza kwa nini babu alicheka. Vita viliisha 1907, vikaacha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi, na miaka miwili baadaye vijana wa nchi ile ile wanakwenda kuchimba na kubeba kwa malipo ya Mjerumani yule yule. Labda kovu lililo na habari mbili lilikuwa salama kuliko kovu lenye habari moja. Lakini nikajishika. Nilikuwa nimeanza tena.

Aliyefichwa majini

Jumamosi iliyofuata tukarudi bustanini, mimi na binti yangu. Nilimwambia njiani, kwenye basi, bila kuzunguka: hiki nilipewa na shangazi, hiki nilikitia mimi, hiki shangazi amenisahihisha, na hiki hata shangazi amepewa habari mbili. Aliuliza kuhusu simba. Nikamwambia simba wangu. Alinuna mpaka tukateremka.

Nilitaka kumwonyesha sanamu mbili ambazo siku ya kwanza tulizipita haraka.

Ya kwanza ni Dicynodon. Wapo wawili, ukingoni mwa maji. Owen alikuwa amepata mafuvu yao kutoka Afrika Kusini. Jamaa zao wamechimbuliwa pia kwetu, bonde la Ruhuhu, kule Songea. Kiwiliwili hakikuwepo. Fuvu lina mdomo kama wa kobe, kwa hiyo wakampa na gamba la kobe. Dicynodon hakuwa na gamba. Nilimtazama mnyama huyu wa Afrika aliyebebeshwa nyumba isiyo yake tangu 1854 na nikamwonea huruma ambayo sikuitarajia.

Ya pili ni Mosasaurus, mnyama wa kale wa baharini. Mtu anaweza kuzunguka ziwa lote asimwone vizuri, maana hutoka majini kichwa na sehemu ya mgongo tu. Wakati ule wataalamu walikuwa na fuvu lake zuri, lakini mwili hawakuujua vya kutosha. Hawkins akajenga alichokuwa nacho, akamlaza penye maji, mengine akayaachia ziwa.

Mikono ni ile ile na miaka ni ile ile. Mmoja akamkamilisha kwa kubuni, mwingine akamwacha nusu.

"Huyu hajakosewa," binti yangu akasema, akimwonyesha Mosasaurus.

"Kwa sababu hajamaliziwa."

Akafikiri. "Kwa hiyo babu naye tumtie majini?"

Nikamwambia Tendaguru ni kilima, hapana ziwa.

Jioni alikaa sakafuni na karatasi mpya. Ya darasani amekataa kuiondoa, amesema ile ni yake na simba wake, ila amekubali kuongeza karatasi ndogo pembeni yenye maelezo, na mwalimu ameruhusu. Katika hii mpya babu yumo ndani ya nyasi ndefu, zinamfika kiunoni. Mdomo umefungwa. Wanaume wanne wamebeba sanduku kwa mti, yeye ni wa pili kutoka mbele. Kichwani hakuna kitu.

Alipofika kwenye nyasi akasita, kalamu nyekundu mkononi.

"Mama, ni mguu gani? Nataka nijue hata kama siuchori."

Sikujua. Nikamrekodi akiuliza kwa sauti yake mwenyewe, Kiswahili chake cha London, nikamtumia shangazi. Ilikuwa usiku Lindi, ujumbe ukakaa bila kusikilizwa.

Asubuhi nilipoamka majibu yalikuwa yamefika, sekunde kumi na moja, nyuma yake ufagio unafagia uwanja.

"Wa kushoto, mwanangu. Hilo sikuhadithiwa na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchua mafuta ya nyonyo jioni, na kovu lilikuwa linakwaruza kiganja changu hapa."